Amefungua Mara Arobaini na Moja

Ngumi ya Torkel ilimkuta Halsten na kahawa mdomoni. Kahawa ikaenda ukutani. Jino likapaa, likagonga fuawe la kufulia chuma, likatumbukia kwenye mtungi wa samaki wa siki wa mama Gunvor. Anayebisha aje, nitamwonyesha mtungi.

"Hiyo ni salamu," Torkel alisema. "Sasa rudia ulichosema jana sauna."

Halsten alijifuta damu. Ndiye aliyekuwa akiandika barua pepe za kiwanda chetu cha mashoka, kila Alhamisi, kwa wateja elfu sita.

"Nilisema Ragna amefungua barua yangu mara arobaini na moja."

"Ragna namuoa Jumamosi."

"Najua. Lakini mtu asiyekupenda hafungui barua ya mashoka mara arobaini na moja, kaka. Bado ananitaka."

Torkel ni mkata miti tangu ana miaka kumi na minne. Alimnyanyua Halsten kwa ukosi, akamtupa juu ya meza. Halsten akaokota koleo la moto, akamchapa nalo gotini. Torkel akanguruma, akachomoa shoka jipya ukutani, na kompyuta ya Halsten ikapasuka katikati kama gogo la msonobari.

"Haya, hesabu tena."

"Shoka zuri," Halsten alisema akihema. "Hilo nimelisifia wiki nzima."

Shoka likapanda tena, na safari hii halikuilenga kompyuta. Hapo pipa zima la maji meusi ya kupozea chuma cha moto likawashukia wote wawili. Mama Gunvor, mwenye kiwanda, miaka sabini na sita, alikuwa amelinyanyua peke yake.

"Anayetaka kuua akaulie nje. Nimepiga deki asubuhi." Akamgeukia Halsten. "Hiyo arobaini na moja uliiona wapi?"

"Kwenye ripoti, mama."

Gunvor alitoa karatasi kwenye aproni. Yeye huchapisha kila kitu.

"Nisomee saa aliyofungua mara ya kwanza."

"Saa kumi na mbili na dakika mbili alfajiri."

"Na ya arobaini na moja?"

Halsten alishusha kidole hadi chini ya karatasi. "Saa kumi na mbili na dakika mbili."

"Sekunde ile ile. Barua za wafanyakazi wa manispaa kama Ragna hufunguliwa kwanza na mashine ya ulinzi. Inagusa kila picha kutafuta sumu, na ripoti yako inahesabu kila mguso. Ragna saa hizo anakoroma."

Torkel alicheka mpaka akashika goti lake bovu. "Umependwa na mashine, bwana."

Halsten akakaa chini kwenye maji. Jino halikuwa limemuuma hivyo.

"Kwa nini aliniacha, mama?"

"Mji mzima unajua isipokuwa wewe. Siku yake ya kuzaliwa ulimwandikia kichwa gani cha barua?"

"'Ragna, usifungue hii.'"

"Na ndani?"

"Hongera."

"Mama yake alikuwa hospitali. Mtoto wa watu akafungua akitetemeka, anadhani msiba. Miaka mitatu umekuwa hodari wa kumkamata, Halsten. Akishakamatwa huna la kumwambia."

Halsten aliomba simu ya Gunvor. Aliandika kwa kidole chenye damu, bila picha, bila kile kinachohesabu wafunguaji. Torkel alimpokonya, akasoma kwa sauti:

"'Samahani kwa siku ile ya mama yako. Ragna, nilikutisha ukiwa unasubiri habari za hospitali, na sikuuliza mama anaendeleaje. Sitajua kama umesoma hii. Uolewe salama. Halsten.'" Akakunja uso. "Mbona haina ndoano ya kumvuta msomaji?"

"Haina."

"Basi hatasoma," Torkel alisema, akabonyeza kutuma mwenyewe.

Manispaa iko ng'ambo ya uwanja. Dakika tisa baadaye Ragna aliingia, vifungo vya koti vimepishana. Akaona damu. Akaona kompyuta. Akaona shoka mkononi mwa mchumba wake.

"Nani kamfanya hivi?"

"Mimi. Kwa ajili yako."

"Na siku nitakayokukosea mimi, Torkel, utachomoa shoka lipi?"

Ragna akavua pete, akaiweka juu ya fuawe. Torkel akamshika mkono. Ragna akampiga teke goti lile lile, akachukua nyundo, akashusha. Pete ikawa bapa kama gamba la samaki. Torkel alitoka akichechemea, shoka kaliacha.

Kisha Ragna akamzaba Halsten kibao, upande wa pengo.

"Hicho cha siku ya kuzaliwa."

"Mama anaendeleaje?"

Ragna akaiweka nyundo chini. Akavuta kigoda, akakaa.

"Anatembea kwa mkongojo. Wiki ya kwanza alianguka bafuni..."

Halsten alisikiliza mpaka mwisho, damu ikimdondokea shatini, bila kumkatiza.

Mwezi wa nane tulipata mwaliko kwa barua pepe. Kichwa chake: "Ragna na Halsten wanaoana Jumamosi saa nane, keki ipo." Ndani hakukuwa na zaidi ya ramani ya kanisa. Tulikwenda wote. Torkel aliketi nyuma kabisa, kompyuta mpya ya kumlipa Halsten kwapani. Mama Gunvor alileta mtungi wake wa samaki, na hakuna aliyeugusa.