Antena ya Urefu wa Kidole

Tairi la mbele liliingia shimoni lote, kitu kikavunjika chini ya gari kaa!, na safari ikaishia palepale. Nyasi zilizokuwa zikifagia vioo zikatulia. Vumbi likashuka taratibu juu ya boneti, na Kinyozi akageuka kumtazama mama mkwe wake, aliyekaa kiti cha nyuma.

"Mama, umeumia?"

"Mguu. Jeki imenirukia."

Jeki ilikuwa imempasua muundi. Kinyozi akatoa taulo safi la kazini kwake, akamwaga nusu ya maji yao kuosha jeraha, akalifunga kwa nguvu. Jeraha halikumtisha, maana mtu anayeshika wembe kila siku huzoea damu. Kilichomtisha ni maneno aliyomwambia mkewe asubuhi: "Nitakuletea mama yako akiwa mzima."

Na yote haya, bwana we, chanzo chake antena.

Gari lile lilikuwa na antena ndefu juu ya paa, na kila Kinyozi alipoingia gereji, antena iligonga boriti ya mlango: ka-ka-ka. Mtoto mchanga akaamka, akalia mpaka majirani wakajua baba karudi. Mkewe akachoka. "Ama lichuma hilo, ama mimi," akasema. Kinyozi akanunua nyingine, fupi ya urefu wa kidole. Akaizungusha ile ndefu kwa mkono ikatoka, akaikaza mpya, na ile ya zamani akaisukuma chini ya kiti, kwa kuwa chuma hakitupwi. Alijiona amefanya la maana. Alipokwenda kumchukua mama mkwe mjini kwake, mama huyo alilizunguka gari mara moja tu.

"Mkwe wangu, kazi imekuingia damuni. Hata gari umelinyoa?"

Mjini redio ilisema vizuri. Nje ya mji ikaanza kutatarika kama vitunguu kwenye mafuta, wakaizima. Hawakusikia tangazo kwamba daraja alilopita Kinyozi asubuhi limefungwa na watu wapite njia gani. Walipofika darajani wakakuta mapipa yamepangwa barabarani na hakuna hata mtu wa kumwuliza. Mama mkwe akasema warudi. Kinyozi akasema aa, hapa pana njia ya mkato, akakata kuingia nyasini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile guu lililoumia lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Simu haikuwa na mtandao. Honi ilikufa zamani, na Kinyozi alikuwa akiahidi kila wiki kuitengeneza, huku akipiga honi kwa mdomo, kichwa nje ya dirisha. Fedha ilikwenda kwenye antena. Walilala humo garini. Kulipokucha chupa zilikuwa tupu, midomo ya mama mkwe imepasuka, na mguu umevimba, wa moto.

Kinyozi akapanda juu ya paa, akaona mstari wa miti ya kijani upande jua linakochomoza. Akashuka, akachukua dumu tupu.

"Maji yako kule, mama. Naenda, narudi."

"Utaijuaje njia ya kurudi?"

"Nyasi nitakuwa nimezilaza kwa miguu."

Maji aliyapata. Lilikuwa dimbwi dogo chini ya mizizi, baridi, lenye majani juu. Akanywa, akajaza dumu, akageuka. Lo! Nyasi alizozilaza zilikuwa zimesimama tena kama hajapita mtu. Zilimzidi kimo. Akatembea alikodhani ndiko, akatembea tena, hakuona gari. Akaita. Upepo ukala sauti yake yote.

Akapanda kichuguu. Mbele yake nyasi kavu, nyuma nyasi kavu, na paa la gari lenye rangi ileile ya vumbi limezama humo. Zamani hata sokoni, penye magari mia, alilijua gari lake kwa ile fimbo iliyosimama juu ya mengine. Leo anatafuta kidole nyikani. Aliogopa, tuseme ukweli. Kushika maji mkononi na mwenye kiu yuko karibu hapo, humuoni! Alitaka kukimbia popote, mradi akimbie. Akajikaza. "Kaa hapa," akajiambia. "Ukikimbia, mtapotea wawili." Akakaa juu ya kichuguu, akiangalia upande mmoja, kisha mwingine, jua likimchoma utosini.

Ndipo akaona kitu chekundu kikipanda juu ya nyasi. Kikayumba, kikaanguka, kikapanda tena, mara hii kikabaki.

Mtandio wa mama mkwe!

Akashuka na dumu lake. Chini hakuuona, hivyo kila alipokuta kichuguu alipanda, akautafuta, akanyoosha mwendo. Alimkuta mama mkwe ameketi juu ya boneti, mguu umenyooshwa, taulo limelowa damu mpya. Juu ya paa ilisimama antena ndefu, na mtandio umefungwa nchani.

"Kidogo kidogo, mama. Usigugumie."

Akanywa, akapumua, akanywa tena.

"Nilikuwa natafuta kitambaa chini ya kiti, nikashika chuma chako," akasema. "Nikajua huyu halioni gari. Nikakitoa hicho kidude, nikakaza hiki."

"Umepandaje na mguu huo?"

"Kwa matusi. Na uliyetukanwa ni wewe."

Kinyozi akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Mama mkwe akamwacha alie. Kisha akanyoosha mkono, akamfuta vumbi usoni kama anavyofutwa mtoto wa kumzaa.

Alasiri ilipofika wakasikia trekta. Dereva wake, mkata majani ya mifugo, alikuja moja kwa moja kwenye ule wekundu. "Nilidhani alama ya wapima barabara," akasema, akishangaa kukuta watu. Aliwavuta hadi zahanati. Mguu ukashonwa, na fundi akalitengeneza gari kiasi cha kutembea. Kinyozi akaazima chaja, akampigia mkewe.

"Mama mzima," akasema.

"Unanificha kitu. Mpaka nimwone."

Kesho yake jioni wakaingia nyumbani polepole. Mlangoni pa gereji antena ikagonga boriti: ka-ka-ka. Ndani mtoto akaamka, akaangua kilio, na kabla Kinyozi hajazima injini, mkewe alikuwa ameshatoka peku, amemkumbatia mama yake dirishani, hata mlango hajafungua.

"Kesho nitaiinua hiyo boriti," Kinyozi akasema. "Isimsumbue mtoto."

"Thubutu!" mkewe akasema, uso bado umezama begani kwa mama yake. "Juzi usiku kucha nilikaa nasikiliza hiyo ka-ka-ka, nimesahau kwamba niliikataa mwenyewe. Magari yanapita, yanapita, na haisikiki. Iache hivyo hivyo."

Mtoto aliendelea kulia, na siku ile hakuna aliyekerwa.