Kilima cha Mbula

Siku ya soko pale Mutomo, mbuzi wana haki zaidi kuliko watu. Husimama katikati ya barabara wakitafuna, na pikipiki huwangoja wamalize. Siku hiyo dume mmoja mwenye ndevu za mzee wa kanisa alikuwa ameingia ndani ya saiba ya Kanyiva, kibanda chake cha kompyuta na uchapishaji, na kuanza kula mtihani wa Hisabati uliokuwa umetoka tu kuchapishwa. Alikuwa amefika swali la nne. Kanyiva, katika rinda lake la rangi ya papai na kitambaa kichwani, alikuwa akimsukuma kwa nyuma huku akimtukana kwa Kikamba safi, na ndipo mlangoni akatokea mwanaume aliyekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki.

"Shika pembe!" Kanyiva akamwambia.

"Mama, huyu si wangu."

"Nimekuuliza ni wa nani? Shika pembe!"

Mwanaume aliweka mzigo wake juu ya meza, polepole, akahakikisha umekaa. Kisha akashika pembe, akamnong'oneza mbuzi kitu sikioni, na dume akatoka nje kwa adabu kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Umemwambia nini?"

"Hiyo ni siri ya daktari na mgonjwa."

Hivyo ndivyo Kanyiva alivyomjua Kisilu, aliyeuza mbegu na dawa za mifugo upande wa chini wa soko. Watu walimwita Daktari, ingawa alichosomea kilikuwa minyoo tu, tena kwa semina. Alikuwa na koti la kaki lenye kalamu tatu mfukoni, mabega mapana, na macho ya mtu aliyelia akamaliza, au aliyedhani amemaliza. Akafungua leso. Ndani kulikuwa na kompyuta ya mkononi, nzito, ya zamani, pembe moja imeshikwa na gundi.

"Inaumwa wapi?" Kanyiva akauliza.

"Inakataa zile risiti za ushuru za mtandao. Naambiwa imezeeka."

Kanyiva akaiwasha. Ikakohoa, ikafikiria, ikawaka. Kwenye kioo kikatokea kilima cha kijani kibichi, laini kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba, na juu yake mbingu ya bluu yenye mawingu meupe.

Kisilu akainama karibu. "Hapo ni kwetu," akasema.

"Wapi?"

"Nuu. Marehemu mke wangu ndiye alikipiga hicho kilima picha, mvua ya Novemba. Alikuwa mwalimu. Aliona nakumbuka nyumbani sana, akaenda akanipigia, akaniwekea hapa." Akagusa kioo kwa kidole. "Nyumba ya mama iko nyuma ya huu mteremko. Haionekani, lakini iko."

Kanyiva akafungua mdomo. Kilima kile alikuwa amekiona chuoni Kitui mjini kwenye kila meza. Alikuwa amekiona benki, kwa chifu, na kwa kinyozi mmoja aliyekuwa na kompyuta ya kuchezea nyimbo. Kilima kile huja na mashine, kama vile kiatu kipya huja na karatasi ndani. Akamwangalia Kisilu usoni ili wacheke pamoja. Uso ule haukuwa na mzaha hata kidogo.

Akafunga mdomo.

"Ni kuzuri," akasema.

"Sana."

Siku hiyo aliifanyia mashine dawa ya kuituliza, risiti zikatoka. Lakini ugonjwa wa Kisilu mwenyewe haukutulia. Kesho yake alikuja kuuliza kama wanauza kalamu. Alikuwa nazo tatu. Keshokutwa akaleta maembe. Wiki iliyofuata simu zikaanza.

"Habari ya jioni, fundi."

"Nzuri, Daktari. Leo ni nani anaumwa?"

"Ni mimi. Nikimeza chakula kinakwama."

"Meza dawa ya minyoo."

"Nimemeza. Minyoo imekufa, wewe bado."

Kanyiva alicheka hadi mamake akabisha ukuta wa chumba cha pili. Alikuwa na umri ambao shangazi zake walikuwa wamechoka kuuliza, na sasa alijikuta akipaka mafuta hadi kwenye visigino kwa sababu ya mtu wa dawa za mbuzi. Baada ya muda Kisilu aliacha kumwita fundi, akamwita mwendwa, mpenzi, na mtu akikuita hivyo kwa Kikamba, na sauti iteremke mwishoni kama yake, huna haja ya kuuliza anataka nini.

Mbula, yule marehemu, walimzungumzia bila kuogopa. Kisilu alisimulia alivyopenda chai yenye tangawizi nyingi, alivyoumwa na figo, alivyozikwa jua likiwaka. Na kila mara aliishia kilimani: hiyo picha, Kanyiva, ndiyo kitu cha mwisho kizuri alinifanyia akiwa mzima. Kanyiva aliitikia. Alijua siku itafika ya kusema. Aliiogopa siku hiyo, akaiacha ikae mbali.

Kisha mambo ya ushuru yakabadilika tena, na ile mashine ikakataa kabisa. Kisilu akamwachia Kanyiva. "Ifanye mpya," akasema, "mimi nakuamini kwa kila kitu."

Kanyiva akaifanyia kazi siku nzima. Kabla ya kuweka mfumo mpya, alihamisha vitu vyote vya mwenyewe: risiti, nyimbo za kwaya, na folda nzima ya Mbula akiwa harusini, Mbula shuleni, Mbula amebeba kuku. Hakusahau hata moja. Lakini kilima nani hukihamisha? Mikono yake ilijua ni kitu cha mashine, ikakiacha kiondoke na mashine ya zamani. Moyo ulikuwa unajua mengine, lakini moyo haukuwa kwenye kibodi.

Kisilu alikuja akiwa na mkate mikononi. Akakaa, akawasha mwenyewe. Kioo kikaonyesha dirisha la bluu lenye mwanga mkali katikati, na pande zote giza.

Akangoja. Alidhani kilima kinakuja nyuma yake.

"Kilima kiko wapi?"

Hapo ndipo Kanyiva aliposhtuka. Akafungua ile folda haraka.

"Kisilu, picha zake zote zingine ziko. Tazama, hii hapa ya harusi..."

"Hizo ni sura yake. Sura yake ninayo hata nikifumba macho." Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Alitoka Mutomo mpaka Nuu kwa ajili yangu. Umeitoa ukaniwekea dirisha la giza."

"Mfumo ukibadilika, na ile picha ya mbele hubadilika..."

"Umehifadhi nyimbo. Umehifadhi hata risiti ya dawa ya kupe. Ukaacha hiyo moja." Akamtazama. "Kanyiva, ilikuwa wivu?"

Wateja wawili waliokuwa wakingoja kuchapishiwa wakaanza kusoma ukuta kwa bidii.

Neno moja lingemwokoa. Angemwambia: zunguka soko hili, fungua kompyuta yoyote ya zamani, utamkuta Mbula wako kila mahali. Neno likafika kwenye meno. Akamwona Mbula, mwanamke ambaye hakuwahi kukutana naye, amelala kwenye udongo mkavu bila mdomo wa kujieleza.

"Sikuuliza kabla," akasema. "Kosa ni langu."

"Inaweza kurudi?"

"Picha aliyopiga Mbula," Kanyiva akasema, akichagua kila neno kama anayechambua pojo, "mimi siwezi kuirudisha."

Kisilu akafunga mashine kwa leso, mafundo mawili. Mkate akauacha.

Yvonne, msusi wa kibanda cha jirani, alikuwa amesikia yote, maana kati yao kulikuwa na bati moja tu na Yvonne alikuwa na masikio ya kutosha soko zima. Akaingia na kitana mkononi.

"Wewe nawe! Si hicho kilima kiko kwa mtandao? Kitoe, mwekee, umwambie umekichimbua huko chini kwa makaburi ya kompyuta. Kesho atakuoa!"

"Nimeshakitoa." Kanyiva akamwonyesha flashi kiganjani. "Kiko hapa. Dakika moja tu."

"Sasa?"

"Sasa nikimwekea nitakuwa nimemdanganya kwa jina la mtu mwingine. Na atanishukuru, Yvonne. Atanishukuru kila siku nikiwa ndani ya nyumba yake. Wewe ungeweza kula hiyo asante?"

"Mimi ningeila na chai."

"Ndiyo maana una mabwana wawili."

"Watatu," Yvonne akasema, lakini akamshika bega, akakaa naye hadi jua likalegea.

Zikafuata siku ngumu. Simu ya Kanyiva ililia, ikawa ni watu wa mikopo. Kanisani Kisilu alihamia viti vya upande ule mwingine, akawa anaimba akitazama dirisha. Kanyiva alipita duka lake mara moja, akaona kwa mbali ile mashine juu ya kaunta, imefunikwa gunia la mbegu. Akarudi akachapisha mitihani ya watu, akakosea tarehe. Alipungua hadi rinda la papai likaanza kumning'inia. Flashi aliifuta mwenyewe, asije akashawishika siku ya unyonge.

Kisha siku moja mchana, jua likiwa utosini, simu ikalia na jina la Kisilu likatokea.

"Kanyiva."

"Daktari."

"Niko Wote, Makueni. Kwa shemeji yangu Muthoki, dadake Mbula." Nyuma kulisikika kuku. "Nilikuja kumuuliza kama Mbula aliwahi kumtumia ile picha. Ameniangalia. Akakaa chini. Akaanza kucheka, Kanyiva. Amecheka mpaka akalia, nikadhani nimemletea wazimu. Halafu akanishika mkono akanipeleka ofisi ya kanisa lao. Kuna kompyuta huko haijawahi kuguswa na mtu tangu iletwe. Akaiwasha."

Kanyiva akafunga macho. "Kilima."

"Kilima! Hapa Makueni, kwa ofisi ya watu! Kilima changu! Katibu wa kanisa ananiambia, mzee, hiyo huja na mashine."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mbuzi."

Kuku akaeleza mambo yake.

"Muthoki anasema ulikuwa mzaha wa siku moja," akaendelea, na sauti ilikuwa imeanza kukatika. "Mbula alitaka kuniambia jioni. Lakini jioni, mimi nilikuwa nimeshaita majirani waje kuona. Akaona aibu yangu itakuwa kubwa, akangoja kesho. Kesho nikamwita mchungaji. Mchungaji akakiombea, Kanyiva! Aliombea kilima! Baadaye Mbula akaugua, na ugonjwa haukuwa na nafasi ya mizaha." Akavuta pumzi. "Nimemlilia upya. Safari hii nikicheka. Sijui kama hiyo inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa."

"Na wewe nilikuita mwenye wivu mbele ya watu. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba alikudanganya? Mimi niko na mdomo, yeye hana. Ungekuwa ugomvi wa mtu mmoja."

Kuku hawakusikika tena. Kanyiva akasema, "Kisilu? Uko?" Akatoa simu sikioni. Ilikuwa imekatika. Ikiwa ni hasira au ni salio limeisha, hakuna aliyekuwepo wa kumwambia. Akapiga. Hapatikani. Akapiga tena jioni. Hapatikani. Usiku ule alipika ugali akasahau mboga.

Kisilu alikuja siku ya soko, saa ambayo wauza ng'ombe huanza kutafuta kivuli. Hakuvaa koti la kaki. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na viatu vilivyong'aa hadi vumbi likaona haya kuvikalia. Wateja hawakuwepo. Upande wa pili wa bati, mashine ya Yvonne ya kukausha nywele ilizimwa ghafla.

"Simu iliisha chaji," Kisilu akasema. "Na nilipotoka kule nilienda kwanza nyumbani, Nuu."

"Sawa."

"Pole kwa lile neno."

"Nimepoa."

Alibaki amesimama. Akaangalia mikono yake, akaiweka nyuma, akairudisha mbele.

"Watu wetu wanauliza waje lini na mbuzi za ntheo."

Kwa Mkamba ntheo, mbuzi wa kufungia ndoa, si neno la kupitisha wakati. Pete unaweza kuvaa, na kanisani mnaweza kupigiwa makofi, lakini mbuzi hao wasipofika kwenu, kwake utabaki mgeni aliyekaa sana. Kanyiva alikuwa ameota kulisikia neno hilo. Sasa limesemwa, na mwili wake ukaogopa.

"Hiyo ni tamu," akasema taratibu, "na mimi nimeona mtu akiishi miaka na kitu kitamu ambacho hakikuwa cha kweli. Kabla sijakujibu, niambie kitu cha kweli. Kiwe cha kuniudhi."

"Cha kukuudhi?"

"Ndiyo. Usinichagulie kidogo."

Kisilu akafikiria. "Ukiimba kanisani, unaanza kabla ya kila mtu, na unamaliza baada ya kila mtu."

Upande wa pili wa bati mtu akakohoa.

"Hiyo naijua. Kingine."

Sasa alichukua muda. Jasho likamtoka kwenye paji la uso na hakulifuta.

"Bado nampenda Mbula," akasema. "Nilidhani nikijua alinitania nitapungua. Nimeongezeka. Sidhani nitakuja kuacha, Kanyiva. Hata ukiwa pale ndani. Hata tukizaa."

Hakuna mtu aliyekohoa.

Neno lilimchoma mahali alipotarajia, na zaidi kidogo. Kanyiva akakaa kwenye kiti cha wateja, akaliacha lichome. Akangoja aone kama litasambaa, kama litafika kwenye miguu na kumwambia ainuke aende zake. Halikusambaa. Lilikaa pale pale, zito, na pembeni yake kulikuwa na nafasi.

Akamtazama mwanaume huyo na shati lake lenye mikunjo ya pasi.

"Haya," akasema. "Waje."

"Waje?"

"Waje na mbuzi. Lakini mmoja awe mchanga, mwendwa. Mama hana meno."

Upande wa pili wa bati, Yvonne akapiga kigelegele.