Mtu Mmoja, Kisanduku Kimoja

Foleni ya duka la fotokopi lililotazamana na hospitali ilikuwa imefika barabarani, na mashine, kama ilivyo tabia yake watu wakiwa na haraka, ikakwama. Sista wa chumba cha vidonda alibakiwa na dakika kumi kabla ya zamu. Sare yake nyeupe ilikuwa imenyooka kwa pasi, saa imebanwa kifuani. Mwenye duka alifungua tumbo la mashine, akachomoa karatasi zilizokunjamana, akagawa bila kutazama.

"Samahani, dada, hiyo ni yangu," alisema mwanamume mrefu nyuma yake. Shati lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi kola tu. Kwingine makunyanzi matupu.

"Hii yenye visanduku kama ubao wa bao?"

"Ni jedwali. Nafanya jaribio la kai-mraba."

"Hilo ni jaribio au ugonjwa?"

Foleni ilicheka, na yeye akacheka zaidi ya wote. "Ni njia ya kuuliza kama mambo mawili yanahusiana au yamekutana kwa bahati tu. Chukua watu wa foleni hii. Wenye miwani na wasio nayo, wenye haraka na wasio nayo. Unahesabu kila kisanduku kina wangapi, halafu unalinganisha na wangapi ungewatarajia kama miwani haina uhusiano na haraka. Tofauti ikizidi mno, huwezi tena kusingizia bahati."

"Na mtu akivua miwani akavaa tena?"

"Anahesabiwa mara moja. Mtu mmoja, kisanduku kimoja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza."

Sista alichelewa kazini dakika nne siku hiyo, na pembeni mwa ratiba yake palikuwa na namba ya simu.

Miezi mitano ikapita kama mchezo. Simu ililia kila siku saa saba kasoro.

"Umekula, Sista wangu?"

"Nimekula, Bwana Visanduku. Wewe?"

"Mimi nashiba kwa sauti yako."

"Muongo! Uongo wenyewe hauna hata jedwali."

Alimpenda, tena sana, wala hakumficha mama yake. Ndiyo maana Jumatano ile, metroni alipomwita ofisini na kufunga mlango, jambo la kwanza alilofikiria ni kwamba atakuwa na la kumsimulia saa saba.

"Vidonda vinavyotunga usaha vimezidi," metroni alisema, macho yake mezani. "Uongozi umeleta mtakwimu apige hesabu kwa zamu. Asubuhi sawa. Jioni sawa. Mchana, mwanangu, mchana ni balaa. Kikao ni Ijumaa saa nne. Uje umejiandaa."

Zamu ya mchana ilikuwa na muuguzi mmoja tu, na muuguzi huyo ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya metroni.

Alitoka nje. Na hapo koridoni, begi begani, alisimama mwenye shati la buluu. Walitazamana. Yule mwanamume akainamisha kichwa, akapita zake.

Saa saba kasoro simu ililia. Aliipokea chooni, mlango ameukomea.

"Sista, nisikilize..."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Madaftari nilipewa yamechapwa upya, zamu A, B na C. Sikujua B ni nani mpaka metroni aliponiambia. Wallahi nilikuwa nimeshamaliza hesabu."

"Jumatatu! Jumanne ukaniuliza kama nimekula!"

"Niliogopa."

"Uliogopa wewe? Mimi nifanyeje? Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Usinipigie tena."

Akakata. Kisha akafungua bomba akanawa mikono, akanawa tena, mara ya tatu akaitazama tu. Usifikiri alichoogopa ni kufukuzwa kazi, ingawa hilo nalo lilimtia baridi. Aliogopa kwamba ni kweli. Kwamba watu walioingia mlango ule wakimwambia "ahsante, mwanangu" walikuwa wanatoka na uozo alioutia yeye kwa vidole hivi hivi. Jioni mama yake alimwekea chakula, kikapoa.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama, kama nimewaumiza watu?"

Mama yake hakukurupuka kumpoza. "Kama umewaumiza, utasema ukweli na tutaubeba pamoja. Kama hujawaumiza, usikubali kwa sababu ya woga. Lakini lazima ujue lipi."

Alhamisi aliingia kazini roho mkononi. Kila bandeji aliyoifungua aliifungua akiwa amebana pumzi. Saa tisa akaja mzee wa mguu, mteja wake wa kila siku, ambaye kidonda chake kilianza na usaha nyumbani kwake, kabla hajaijua hospitali.

"Leo mbona hunigombezi, binti?" mzee alilalamika. "Nimekuja mbali kugombezwa."

"Nimechoka, babu." Alisafisha, akafunga, akavuta daftari kuandika kama alivyofundishwa na sista mkuu wake wa kwanza: usipoandika, hukufanya. Tarehe, namba ya kadi, usaha. Jana aliandika hivyo hivyo. Juzi pia.

Kalamu ikasimama hewani.

Alirudisha kurasa nyuma. Mzee wa mguu. Mzee wa mguu. Mzee wa mguu. Halafu akavuta daftari la mwenzake wa asubuhi. Yeye alikuwa anaandika mgonjwa siku ya kwanza tu. Akirudi, anatia alama kwenye kadi yake basi. Wa jioni vilevile. Ni yeye peke yake, kwa ubidii wake wa kiherehere, aliyeandika kila ujio.

Alisahau kwamba amekasirika. Akapiga simu.

"Mzee wa mguu umemhesabu mara ngapi?"

"Nani?"

"Kadi namba mia mbili na saba. Angalia!"

Alisikia karatasi zikifunuliwa. Halafu akahesabu. "Mara thelathini na moja. Mungu wangu. Nilidhani kila mstari ni mtu mpya, na namba za kadi sikuzitazama."

"Mtu mmoja..." alianza Sista.

"...visanduku thelathini na moja," alimalizia. "Nimekuharibia mimi."

"Ngoja kwanza. Ukihesabu upya, zamu ya mchana inaweza kubaki balaa?"

"Inaweza," alisema polepole. Hakumdanganya, na hilo Sista alilisikia. "Wagonjwa wako wenye usaha wanaweza kuwa wengi kweli."

"Basi hesabu mbele yangu. Na usinipikie takwimu. Ukinipikia hata mmoja, nitajua, na sitakutazama tena maishani."

Ijumaa saa mbili chumba cha kumbukumbu kilipofunguliwa, wote wawili walikuwa wameshasimama mlangoni. Walikaa pande mbili za meza, Sista akisoma namba za kadi, mwenzake akipiga mstari kila inayojirudia. Hawakutaniana. Sauti ya Sista ilikuwa ikikatika kila alipofika kwenye neno "usaha." Mistari mia mbili na thelathini ya mchana ikasinyaa, ikawa watu mia moja na kumi. Mistari themanini na mitatu yenye usaha ikawa watu kumi na saba.

"Ungetarajia wangapi?" aliuliza.

"Kumi na watatu."

"Nimezidi."

"Umezidi wanne. Subiri." Alibonyeza kikokotoo, akafuta, akaanza upya. Sista alishika ukingo wa meza. Ukutani saa ilikuwa inasogea kuelekea saa nne. "Mpaka wa bahati ni karibu sita. Ikivuka hapo, siwezi kusingizia bahati. Hesabu ile ya kwanza ilikuwa arobaini na mbili na ushei."

"Sema, nitakufa hapa!"

"Mbili nukta sifuri tisa."

Sista aliinamisha kichwa juu ya madaftari akalia kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Kikaoni walikuwa saba, na mganga mkuu katikati. Mtakwimu alisimama na shati lake lenye makunyanzi. Alijua kazi hii ndiyo ya kwanza kupewa na hospitali, na kwamba huenda ikawa ya mwisho.

"Ripoti niliyowapa ni batili," alisema. "Nilihesabu ujio nikadhani ni watu. Kosa ni langu, si la daftari, wala si la muuguzi. Tena daftari lake ndilo pekee lililoandikwa kikamilifu."

"Unatuambia tulikaribia kumsimamisha mtu kwa kosa lako?" mganga mkuu aliuliza.

"Ndiyo, daktari."

Walimtoa nje. Metroni alimgeukia Sista, macho yamelowa, lakini Sista alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Wale wanne waliozidi naomba niwafuatilie. Inaweza kuwa bahati, lakini nataka kuwaona kwa macho yangu."

Saa nane mlango wa chumba cha vidonda uligongwa. Alikuwa yeye, begi begani, sura ya mtu anayengoja sindano.

"Kazini wamenipa notisi ya kuondoka," alisema. "Sikuja kwa hilo. Ile Jumatatu nilipaswa kukwambia, hata kama ningetetemeka. Nisamehe. Na ukinisamehe, mama yako atanipokea nikija na wazee wangu?"

"Unanichumbia mbele ya mgonjwa?" Sista aliuliza, maana mzee wa mguu alikuwa amekwishakaa, suruali ameikunja hadi gotini.

"Mjibu, binti," mzee alisema. "Mguu utangoja."

Sista alifungua daftari. Akachukua rula, akachora safu mpya pembeni, akaandika juu yake: *mara ya ngapi*. Kwenye mstari wa mzee akajaza thelathini na sita.

"Na mimi?" aliuliza yule mwanamume mlangoni. "Mimi unaniandika wapi?"

"Wewe nakuandika mara moja tu," alisema, bila kuinua macho. "Ukirudia kunificha jambo, sitakuwa na mstari mwingine. Njoo Jumapili. Na pasi, tafadhali, upige shati zima."