Unyasi Ndani ya Dawa ya Mtoto

Deodatha, mkaguzi wa dawa kutoka Karagwe, hakuwa na gari, hakuwa na askari, hakuwa na mume wa kumuuliza umechelewa wapi, na siku ile hata muda hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni kisanduku kinachosoma vinasaba vya bakteria ndani ya dawa kwa saa moja, kazi inayochukua siku kadhaa maabara.

Alfajiri, pale Nkwenda, mtoto wa Jenifa alikutwa amekufa kitandani, kichupa cha dawa ya homa kando yake. Kufikia saa nne vijana walikuwa wamemfunga kamba Niyigena, kibarua anayechota maji ya kuoshea vichupa kwenye duka la dawa la Cleophace. Vidole walishamvunja.

"Mrundi katia sumu kwenye maji! Tukishamzika mtoto, na yeye tunamzika."

"Mama, mimi nilichota tu," Niyigena alimlilia Deodatha alipofika.

Kijana mmoja akampiga teke. "Na sisi tunakupiga tu."

"Basi nipeni muda mpaka mtoke makaburini," alisema Deodatha.

Alichuja dawa ya marehemu. Kwenye chujio kikabaki kipande cha unyasi. Akaipima dawa kwa kisanduku: bakteria wa kinyesi. Maji ya dumu la Niyigena: safi. Chupa ambayo bado ilikuwa na lakiri ya kiwanda: safi. Chupa kubwa ambayo Cleophace huwapimia wateja: bakteria walewale.

Wazikaji wakarudi.

"Shikamoo, mzee Cleophace."

"Marahaba, binti. Umeshajua huyu alivyotuulia mtoto?"

"Maji yake ni safi. Dawa ya kiwandani ni safi. Uchafu uko kwenye chupa uliyofungua wewe, pamoja na unyasi. Ni kiwanda gani kinachokamua dawa kwa nyasi?"

Vijana wakamgeukia Cleophace. Pale hakuna asiyejua kwamba ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe omuramba, ile juisi tamu.

Cleophace akacheka. "Hawa hawajui dawa, wanajua utamu. Chungu watoto wanatema. Yangu wanalamba hadi kijiko. Chupa moja nikaifanya mbili, basi. Ila kabla hamjanifunga, muulizeni Jenifa omuramba nilinunua kwa nani."

Jenifa akatazama miguu yake.

"Kwangu," alisema. "Nilikanyaga mwenyewe, mtoto nimembeba mgongoni."

Kamba ilihamishwa kutoka kwa Niyigena kwenda kwa Cleophace. Hakuna aliyemwomba radhi kibarua yule.

Deodatha akaketi kumwandikia mkuu wa polisi. Jenifa akapiga magoti.

"Dada, jina langu liache. Mume wangu yuko safarini; akirudi akalikuta polisi, ataniua."

"Nikiliacha, Cleophace atasema omuramba ulitoka kwa Niyigena. Na polisi watamwamini."

"Yule si ni mtu baki tu!"

Deodatha akaliandika jina, herufi kwa herufi. Akalamba bahasha, akaifunga, akampa mwendesha bodaboda. Pikipiki ikaondoka, Jenifa akiwa bado ameng'ang'ania sketi ya Deodatha.