Fito Juu ya Theluji

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Oddvar Nergård aliwapigia simu polisi wa Tromsø. Mgeni wake amelala chini ya ukingo wa paa, alisema, na barafu imempasua kichwa.

Inspekta Torunn Kvitnes alifika saa mbili kasorobo. Ilikuwa Januari. Jua lilikuwa halijachomoza tangu Novemba, na taa ya barabarani ndiyo iliyomwonyesha maiti: Halldis Moe wa Bergen, miaka sitini na mmoja. Alikuwa kifudifudi nyuma ya ngazi za nyumba ya wageni, theluji ya paa imemfunika hadi kiunoni. Kando ya kichwa chake kulikuwa na bonge la barafu, zito kama jiwe la kusagia. Mbele ya nyumba fito nne ziliegemezwa ukutani, zile ambazo kila mwenye nyumba mjini huziweka kumwambia mpita njia: juu kuna hatari, vuka upande wa pili.

"Nilizisimamisha jana saa kumi jioni," Oddvar alisema. Alikuwa nahodha mstaafu wa miaka sabini, mgongo bado umenyooka. "Aslak wa kusafisha mapaa alilipapasa tu hilo paa, akashuka kunywa kahawa. Nikamwonya huyu mama asipite pale. Lakini wageni, unawajua."

"Na usiku?"

"Nililala saa nne, nikaamka saa moja. Theluji ilimwagika usiku kucha. Sikusikia kitu."

Torunn aliandika saa zote tatu. Mgeni mwingine alikuwa mpiga picha wa Kidenmaki aliyegombana na Halldis mezani juu ya dirisha. Lakini huyo alikesha mlimani na watu kumi na mmoja, wakisubiri mianga ya kaskazini icheze angani, na alirudi baada ya polisi kufika.

Akabaki Aslak Utsi, msafisha mapaa. Mkuu wa polisi alitaka taarifa kabla ya saa nane mchana: uzembe uliosababisha kifo. Kwa Aslak hiyo ilikuwa jela, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Ulisafisha?" Torunn alimuuliza kituoni, saa nne.

"Mpaka mabati yakaonekana. Panda ukaangalie."

"Mtu kafa kwa barafu, Aslak."

"Basi hiyo barafu ilipanda ngazi yenyewe." Aliitazama mikono yake iliyopasuka kwa baridi. "Sisi Wasami, wenyeji wa asili wa huku, mji ukishikwa na mafua tunaulizwa nani kakohoa. Andika tu, Inspekta. Si umeshaandika?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Saa tano Torunn alikuwa amepiga magoti nyuma ya zile ngazi, nyundo mkononi, akilivunja lile bonge. Ndani yake mlikuwa na changarawe nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Manispaa huimwaga barabarani watu wasiteleze. Barafu ya paa hutoka mawinguni. Haijawahi kukanyagwa na mtu. Hili bonge lilichimbuliwa njiani, likabebwa.

Halldis hakuangukiwa. Alipigwa.

Torunn akaenda mbele na kunyanyua ufito mmoja. Kama ungesimamishwa jana jioni, theluji ya usiku ingeuzika mguu wake. Lakini mguu ulikuwa umekaa juu ya theluji mpya, na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Watu wa hali ya hewa walisema theluji ilianza saa moja jioni na kukoma saa kumi na moja alfajiri. Alimpigia simu Gerd, anayesambaza magazeti mtaa ule.

"Fito? Zilikuwepo, mwanangu," Gerd alisema. "Saa kumi na mbili na dakika kumi leo asubuhi. Ndiyo maana nilivuka upande wa pili, gazeti la Oddvar nikaliacha kwa jirani. Kama nisingevuka, ningemwona yule maskini."

Saa sita na nusu daktari alimpa kipande cha kitambaa cha rangi ya machungwa kilichofichwa ndani ya soksi ya marehemu. Kilikuwa na maandishi ya wino: R. BREKKE. Torunn alilijua jina hilo, kama mji mzima. Ragnvald Brekke alizama mwaka 1991 katika mashua ya Oddvar. Oddvar peke yake aliokolewa, akasema kijana alikataa kuvaa vazi la kujiokolea. Simu moja ya Bergen ikamaliza: kabla ya kuolewa, Halldis aliitwa Brekke.

Katika kibanda cha mashua cha Oddvar vazi la kujiokolea lilining'inia msumarini, kifua kimekatwa. Kitambaa kilikaa pale bila kupungua uzi.

Alimkuta Oddvar jikoni. Polisi au si polisi, buti za Torunn zilibaki mlangoni. Alimhoji akiwa na soksi.

"Theluji ilikoma saa kumi na moja. Gerd aliziona fito saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa umelala. Nani alizisimamisha?"

Oddvar alimmiminia kahawa. Yake hakuigusa.

"Langu lilikuwa limepasuka," alisema. "Vazi langu. Nikavaa la yule kijana. Miaka yote nilikwenda kulikagua la kwake, kila vuli, kana kwamba nitasafiri tena. Ningelichoma, sivyo? Sikuweza. Yule mama alilikuta jana. Akaniambia kesho anakwenda gazetini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga."

"Na theluji ya paa uliisukuma wewe."

"Kwa reki, kutoka dirishani. Nusu ikagoma kushuka."

"Ungengoja ukaziweka fito baada ya kunipigia simu, nisingekuwa na kitu. Kwa nini alfajiri?"

"Gerd hupita na magazeti." Alionekana kushangaa kuulizwa. "Ile nusu ilikuwa inaning'inia, Torunn. Ingemwua."

Saa nane kasoro dakika ishirini Torunn alimpigia simu mkuu wa polisi, Aslak aachiwe.

Nje bado kulikuwa na gizagiza. Theluji ilijikunja ukingoni mwa paa. Oddvar, pingu mikononi, alitangulia kushuka ngazi. Alipozifikia fito alisimama, akatazama juu, kisha akavuka upande wa pili wa barabara. Torunn akamfuata.