Mwache Mzee Atembee Vibaya

Mzee Anselmo alilima viazi kwa miaka hamsini katika milima ya Boyacá, nchini Kolombia. Siku hizi, kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari. Miguu ilinata sakafuni, mkojo ulimponyoka, na majina ya wajukuu yalimpotea.

"Uzee huo," walisema majirani. Binti yake Rosalba aliitikia, ila moyo ulimuuma.

Nubia, nesi wa zahanati ya jirani, hakukubali. "Shoga, dalili hizo tatu zikija pamoja, huenda maji yamejaa kichwani. Mpeleke apigwe picha."

Kweli, picha ilionyesha maji mengi. "Tunaweza kuyapunguza kwa mrija wa kutoka kichwani hadi tumboni," alisema daktari. "Lakini si kila mgonjwa hufaidika na upasuaji huo. Tujaribu kwanza. Kesho atatembea mita kumi, tuhesabu muda na hatua. Kisha tutamtoa maji kidogo mgongoni kwa sindano, atembee tena."

Rosalba alidhani ni mtihani wa kufaulu. Asubuhi alimvisha baba yake ruana mpya, joho zito la sufi, akamnong'oneza, "Jikaze, baba, usituaibishe." Mzee alipoanza kutembea, Rosalba akamshika kiwiko na kumsukuma kiujanjaujanja.

Nubia, aliyewasindikiza, alimwona. "Wee! Unamponza baba yako! Akionekana mzima sasa, watajuaje kama maji yakitoka amepata nafuu? Mwache mzee atembee vibaya!"

Rosalba aliona haya, akaachia. Nesi wa hospitali alimfuata kwa karibu ili mzee asianguke. Sekunde thelathini na nane, hatua arobaini na moja. Kila hatua ilimchoma binti.

Maji yakatolewa. Saa tatu baadaye mzee akatembea tena. Sekunde kumi na tisa, hatua ishirini na tatu!

"Dalili njema," alisema daktari. "Nafuu hii ni ya muda tu, lakini inaonyesha mrija huenda ukamfaa. Asingebadilika, tungepima zaidi kabla ya kuamua."

Akapasuliwa. Wiki sita baadaye, Rosalba aliamshwa na harufu ya chokoleti ya moto ya kunywa. Akakimbilia jikoni. Baba yake alikuwa amesimama, anakoroga.

"Baba! Nani kakuleta huku?"

"Miguu, nani mwingine? Kaa, Rosalba, nikumiminie. Jibini la kutumbukiza kikombeni liko wapi?"

Rosalba akakaa, akalia kwa furaha bila kujificha.