Sauti Iliyopata Msikilizaji

Mama Christa alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yake mtaani Majengo, Florent alipoingia uani bila kupiga hodi. Kijana huyo alisoma saikolojia pamoja na binti yake, mwaka wa pili chuoni, na kwa kawaida akifika alianza kwa kufunua sufuria. Leo hata hakuitazama.

"Mama, acha mchi. Christa iko inje kwenye pikipiki. Anakataa kushuka."

"Anakataa ama anaumwa?"

"Sijue. Kuja uone."

Christa alikuwa amekaa wima nyuma ya dereva, mikono mapajani. Nguo zake zilikuwa kavu, lakini alinuka maji ya ziwa na samaki wabichi.

"Shuka, Christa," mama akasema.

"Shuka, Christa," binti akasema, kwa sauti ya mama yake, pamoja na kikohozi kidogo cha moshi mwishoni.

Walimshusha wakamlaza. Jikoni, Florent akaeleza kwa sauti ya chini. Walikuwa wakifanya mazoezi ya kazi katika nyumba moja mtaani Himbi, ambako watu waliopatwa na misiba huja kusikilizwa. Darasani walifundishwa kumrudishia mtu maneno yake ili ajue amesikika: akisema nimechoka, unamwambia umechoka. Asubuhi hiyo aliletwa mwanamke wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, ambaye mume wake hakurudi kutoka ziwani. Dada yake aliwaonya mlangoni: mukisikia anaongea kwa sauti nene, munyamaze, kwetu haijibiwi.

"Na nyinyi?"

"Mama, tuko wanafunzi. Tulicheka kidogo."

Sauti nene ilikuja. Ikasema, "Nina njaa." Christa akasema, "Una njaa." Ikasema, "Sina pa kulala." Christa akasema, "Huna pa kulala." Ikasema, "Nitakuja kwako." Na Christa, ambaye walimu walimsifu kuliko wenzake wote, akatikisa kichwa taratibu kama alivyofundishwa, akasema, "Utakuja kwangu."

Yule mwanamke akapiga chafya, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kama kuna chai.

Mama Christa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye kinu, maana sombe ilikuwa bado haijalainika.

Tangu siku hiyo Christa hakuwa na neno lake mwenyewe. Mwanzoni alirudia baada ya mtu kusema. Baadaye akawa anasema pamoja naye. Halafu mchana mmoja, mama akiwa anafua, alisikia kutoka chumbani sauti yake mwenyewe ikimwita Joviale, mdogo wake Christa, aje aanike mashuka, akatambua kwamba ndilo neno alilokuwa anataka kulisema na alikuwa hajafungua kinywa, na chini ya mlango wa chumba maji yalikuwa yakitambaa polepole juu ya sementi, yakinuka samaki, na Joviale alikuwa ameshafika, mashuka mikononi, akiuliza kwa nini mama anaita kwa ukali hivyo.

Alijua kwamba mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alichukua tambara akapangusa maji.

Jumamosi alimwita Mama Kanyere, mwanamke wa Butembo anayeombea wagonjwa parokiani. Mama Kanyere alikaa chumbani na rozari yake, akatoka, jasho likimtiririka.

"Ni jini la ziwa," alinong'ona. "Liliingia kwa kujibiwa. Litatoka likikosa jibu. Musijibu lolote linalotoka kinywani mwake."

"Kutojibu?" akasema Papa Balagizi, baba wa nyumba. "Hiyo mama yake anaijua. Mimi hanijibu tangu Noeli."

"Papa, siko nacheka. Siku mutoto akisema neno lake mwenyewe, mujue liko mulangoni, linatoka. Hapo ndiyo musijibu kabisa, mpaka asubuhi. Likipata jibu usiku ule, halitoki tena."

"Na nikinyamaza, nitampata mutoto wangu?" mama aliuliza.

"Utampata. Lakini utamusikia analia, na utanyamaza."

"Nitanyamaza."

Walinyamaza. Nyumba nzima iliongea kwa mikono, na Christa, kwa kukosa maneno ya kurudia, akanyamaza pia. Maji yakakauka. Harufu ikapungua, ikabaki kwenye mto wake tu.

Jioni ya Alhamisi umeme ulikuwa umekatika. Mama Christa aliwasha mshumaa, akapakua fufu na sombe, akaweka sahani mezani moja moja. Akahesabu kwa macho: mume wake, Joviale, Christa, na yeye mwenyewe. Wote walikuwapo.

Christa alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa yake.

"Mama," alisema, kwa sauti yake, nyembamba, ya mtu aliyeamka. "Niko wapi? Mbona hakuna mutu ananiangalia?"

Joviale akashika mkono wa baba yake chini ya meza. Papa Balagizi akatazama sahani. Mama Christa alibana meno mpaka taya likauma. Asubuhi tu, alijiambia. Nitamjibu asubuhi, nitamjibu siku nzima.

"Mama, niko naogopa. Nijibu."

Mshumaa ukatikisika. Mama Christa akakata tonge la fufu, akalishika bila kulipeleka kinywani.

"Usiogope, mutoto wangu," ilisema sauti yake, pamoja na kikohozi kidogo mwishoni. "Niko hapa."

Ilitoka jikoni.

Christa akageukia huko, akatabasamu. Mama Christa akawahesabu tena. Wote walikuwa mezani.